Nani Aliyeionyesha Reli Njia ya Milimani?

Kila nisomapo habari za reli yetu, iwe ile ya zamani au hii mpya iliyofika Nairobi mwaka 2017, hukuta neno moja linalonikera. Husemwa kwamba wahandisi wa Kiingereza "waligundua" njia ya kulishusha gari la moshi ndani ya Bonde la Ufa na kulipandisha tena milima ya Mau mpaka likatokea ziwani. Neno hilo kugundua ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Kigunduliwacho ni kitu kilichofichika, kisichojulikana na mtu. Njia ya kupitia Ngong, ikashuka bondeni, ikapita Naivasha na kuivuka Mau kwenda Ukavirondo haikuwa imefichika hata kidogo. Ilikuwa ikikanyagwa na wana wa pwani hii waliotoka Mombasa, Vanga, Tanga na Pangani, nao wakiijua kwa vituo vyake, maji yake na wenye nchi wake, kama wewe msomaji unavyozijua nyumba za mtaa wako.

Nitaanza na mtu mmoja. Mwaka 1870 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London lilichapa makala ya kurasa zaidi ya 30 juu ya njia za misafara ya wenyeji kutoka pwani hadi bara ya Afrika Mashariki. Aliyeipeleka makala hiyo ni T. Wakefield, mmisionari wa Kimethodisti aliyekuwa akikaa Ribe, huku nyuma ya Mombasa. Lakini habari zenyewe hazikuwa zake. Kichwa cha makala chenyewe chasema kwamba sehemu kubwa ya habari imetolewa na Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa nchi iliyo karibu na Gazi, Udigo.

Basi hebu tuhesabu. Miaka 13 kabla ya Mskoti Joseph Thomson kukanyaga Umasai, na miaka 21 kabla ya Kapteni Macdonald kuondoka Mombasa na wapimaji wake wa reli, mtu wa upande wa Gazi alikuwa amekwisha keti kitako akaisimulia bara kituo kwa kituo, na maneno yake yakapigwa chapa Ulaya, yakasomwa na wachora ramani.

Nani kati yetu amjuaye Sadi bin Ahedi? Mimi sijapata kuona barabara, skuli wala kituo cha gari la moshi chenye jina lake. Watoto wetu huulizwa katika mitihani majina ya wapelelezi wa Kizungu, nao huyajibu vizuri. Huyu wa kwao hawaulizwi, na lau wangeulizwa wasingekuwa na la kujibu, kwa sababu sisi wazee wao pia hatunalo.

Huenda msomaji akasema, mtu kutaja vituo vya safari ni jambo gani? Asemaye hivyo hajapata kusafiri kwa miguu na watu mia tatu nyuma yake. Msafara wa Umasai ulikuwa ukikaa huko miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Kila mpagazi alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini: seng'enge, shaba, ushanga, merikani na kaniki, na akirudi alibeba pembe. Mizigo hiyo haikuacha nafasi ya chakula kingi wala maji mengi. Kwa hiyo kirangozi, yule aendaye mbele, alipaswa kujua mto upi hukauka na upi haukauki, wapi watu wana nafaka za kuuza, wapi hongo hulipwa na kwa nani, na wapi mlima una mlango. Akikosea siku moja tu, watu walikufa. Kujua njia kwa maana hiyo ni elimu, na mwalimu wake alikuwa kiu.

Kwa wasafiri waliopita Taveta na Umasai, na hata kwa waliopita Ukambani, mlango ulikuwa pale Ngong. Misafara ilipajua kwa jina la Ngongo Bagas. Hapo ndipo ilipopiga kambi na kununua chakula kwa Wakikuyu, maana baada ya hapo nchi hushuka ghafla na mbele ni mbuga za Wamasai, ambako utapata nyama na maziwa lakini huwezi kununua nafaka. Watu wakijaza mifuko pale, wakifunga kamba za mizigo upya, ndipo wakateremka bondeni.

THOMSON NA JUMBE KIMAMETA

Thomson alipotumwa na chama kile kile cha London mwaka 1883 kutafuta njia ya mkato ya kufika ziwa Nyanza kupitia Umasai, mara ya kwanza alijaribu kuingia akashindwa, akarudi. Alipojaribu tena alifuatana na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumbe Kimameta. Ndani ya msafara huo ndipo alipofika Naivasha na Baringo, kisha akavuka mpaka ziwani mwezi wa Desemba mwaka ule. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885 na kikamletea sifa kubwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, Hesabu Teleki wa Hungaria na mwenziwe von Höhnel walipotaka kwenda kaskazini walimtafuta nani awaongoze? Kimameta huyo huyo. Walifika lile ziwa liitwalo leo Turkana mwaka 1888, wakalipa jina la mwana wa mfalme wao.

Hapa sitaki kueleweka vibaya. Thomson hakumficha Kimameta. Amemtaja katika kitabu. Wakefield naye hakumficha Sadi, bali aliliweka jina lake juu kabisa, mahali ambapo kila asomaye atalikuta. Waliomsahau Sadi ni waliokuja baadaye, waliosoma makala, wakachukua vituo, wakaacha jina. Na waliomsahau zaidi ni sisi.

Aulizaye njia hapotei, wamesema wahenga. Lakini hawakusema kwamba aliyeulizwa asahauliwe.

WAPIMAJI WA MWAKA 1891

Sasa tuje kwenye reli yenyewe. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 20,000 ili njia ya kutoka Mombasa hadi ziwani ipimwe, na kazi hiyo ikapewa Kapteni J. R. L. Macdonald wa kikosi cha wahandisi wa jeshi. Aliondoka pwani mwezi wa Desemba 1891 pamoja na maofisa wenziwe, Pringle, Twining na Austin, na Wahindi waliozoea kazi ya upimaji, na mamia ya wapagazi wa pwani. Mwaka 1892 walikuwa wamekwisha fika ziwani na kurudi, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1893. Ilisema kwamba reli yawezekana, na urefu wake utakuwa maili 657.

Mimi simdharau mtu huyo na wenziwe, wala sisemi kwamba kirangozi angeweza kujenga reli. Hayo yangekuwa maneno ya ushabiki. Njia ya mguu si njia ya reli, na tofauti yake ni jambo zuri ambalo halielezwi vya kutosha, basi na tulieleze.

Punda na mwanadamu wanaweza kupanda genge. Hujishika, hupumzika, huzunguka jiwe. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma haliwezi. Chuma juu ya chuma huteleza, na hiyo ndiyo nguvu ya gari la moshi mahali palipo tambarare na ndio udhaifu wake mlimani. Kwa hiyo wajenzi wa reli yetu walijiwekea sharti kwamba katika milima njia isipande zaidi ya futi 1 kwa kila futi 50 za mwendo. Sasa tazama nchi ilivyo. Kutoka bahari nchi hupanda polepole mpaka Nairobi, kiasi cha mita 1,660. Kisha hupanda mpaka ukingo wa bonde upande wa Limuru, zaidi ya mita 2,300. Hapo huanguka; mpaka ziwa Naivasha imebaki kiasi cha mita 1,890. Mpagazi mwenye mzigo hushuka genge lile kwa saa chache, miguu ikitetemeka. Lakini ukitaka kushusha reli mita 400 kwa sharti la 1 kwa 50, unahitaji kilomita 20 za mteremko usiokatika, na mahali pa kuzilaza ni ubavuni mwa genge, huku mlima, huku shimo. Ukisha kushuka, mbele yako kuna Mau, zaidi ya mita 2,500, juu kuliko ulikotoka. Na baada ya Mau huna budi kushuka tena mpaka ziwani, kiasi cha mita 1,130 tu.

Kwa hiyo swali la mpimaji halikuwa "Je, pana njia?" Hilo lilikuwa limekwisha jibiwa. Swali lake lilikuwa, "Katika njia hizi zijulikanazo, ni ipi itakayoweza kulazwa reli kwa mwinuko huo, na itagharimu nini?" Ndipo zikaja dira, vipimo vya hewa, na ule ufundi wa kuchemsha maji juu ya mlima ili kujua umepanda kiasi gani, maana kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa moto mdogo zaidi. Hiyo ni elimu yao na ilikuwa kubwa. Ninalolikataa ni kuziita elimu mbili jina moja na kumpa mmoja sifa zote. Mpimaji hakuzunguka nchi nzima akitafuta tundu la mlima kama mtu atafutaye sindano. Alikwenda moja kwa moja kwenye milango ambayo watu wa misafara walikuwa wakiitumia, akaipima.

Na si watu wa pwani pekee. Njia ya kupitia Tsavo na Kibwezi hadi Machakos ilikuwa njia ya Wakamba, waliokuwa wakileta pembe Mombasa tangu zamani kabla ya Mzungu yeyote kuipita. Msitu wa ukingoni mwa bonde ulikuwa wa Wakikuyu, na mwaka ule ule wa 1892 mkuu wao wa upande wa Dagoretti, Waiyaki wa Hinga, alikamatwa akapelekwa kuelekea pwani, akafia njiani Kibwezi. Bonde lilikuwa la Wamasai. Misitu ya Mau ilikuwa ya Waokiek, wawinda na walina asali, na ng'ambo yake Wanandi, ambao waliipiga vita reli na nyaya za simu mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwezi wa Oktoba 1905. Kila mlango ulikuwa na mwenyewe.

KAMBA ZA CHUMA NA MADARAJA

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse. Reli ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na hapo ikakutana na lile genge. Kilichofuata chaonyesha mlima ule ni mlima gani. Wajenzi hawakuweza kungojea mpaka njia ya kudumu ikamilike ubavuni mwa genge, kwani huko mbele kazi ingesimama. Wakajenga mteremko wa muda, mkali ajabu, na magari yakateremshwa kwa kamba za chuma, gari moja likishuka huku kamba ikilizuia, mpaka bondeni, ili mataruma, vyuma na chakula viwahi kwenda mbele. Ilipokwisha njia ya kudumu, kamba zikaondolewa.

Upande wa Mau hawakuteremsha kwa kamba, bali walivuka makorongo kwa madaraja ya chuma, madaraja marefu 27 yaliyotengenezwa na kampuni ya Kimarekani, moja baada ya jingine kama ngazi. Mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika ziwani mahali palipoitwa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Na hapo pana jambo. Macdonald alikuwa amekusudia reli iishie kaskazini zaidi, upande wa Ghuba ya Berkeley. Wapimaji waliokuja baada yake waliona kwamba ukishuka kwa bonde la mto Nyando utafika ziwani kwa njia fupi zaidi, na ndivyo ilivyofanywa. Badala ya maili 657 zikawa chini ya 600.

Lakini yule aliyetaka kwenda kaskazini hakukosa kabisa. Misafara ya pwani ilipovuka Mau ilikuwa ikielekea kwa Nabongo wa Wanga, mahali paitwapo leo Mumias, kwa sababu huko kulikuwa na chakula na amani na mfalme aliyependa wageni. Reli iliachana na njia hiyo mwaka 1901. Kisha miaka ya 1920 ikaonekana haja ya kwenda Uganda kwa nchi kavu, ikajengwa reli nyingine kutoka Nakuru, ikapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931. Yaani baada ya kuzunguka kote chuma kilirudi kupanda upande ule ule wa kaskazini waliokuwa wakiupenda watu wa misafara. Mimi nikilitazama jambo hilo katika ramani huwa natabasamu.

MBONA HATUWAJUI

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, nalo halitawapendeza wote. Ni rahisi kuwalaumu Wazungu kwamba waliandika habari zao wakatuacha sisi. Lakini pwani hii haikuwa nchi ya watu wasiojua kuandika. Tulikuwa na makadhi, masheikh, washairi na makarani. Waliandika nasaba, waliandika tenzi, waliandika mikataba ya mashamba mpaka hesabu ya minazi. Mbona hawakuandika majina ya wapagazi?

Jibu ni kwamba wengi wa wapagazi hao walikuwa watumwa. Bwana alimkodisha mtumwa wake kwa msafara, na mshahara ukirudi waligawana, na mgao wa bwana haukuwa mdogo. Wengine walikuwa huru lakini maskini. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1907, miaka sita baada ya reli kufika ziwani. Kwa hiyo mtu aliyeujua mlango wa Mau kama akijuavyo kiganja chake, alipokaa barazani mjini hakupewa nafasi ya kusema. Aliambiwa asogee. Majina yao hayakuandikwa kwa sababu walioshika kalamu hawakuona kama ni majina ya kuandikwa. Hayo ni yetu wenyewe. Hakuna Macdonald wala Whitehouse aliyetufanyia.

Wala biashara waliyoitumikia haikuwa safi. Pembe zilimaliza ndovu wa nchi nzima. Baadhi ya misafara iliteka watu au ilipora chakula. Mwezi wa Novemba 1895, katika bonde la Kedong, chini kabisa ya lile genge nililolieleza, Wamasai waliwaua mamia ya watu wa msafara uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine, wengi wao Wakikuyu, na Waswahili pamoja nao. Serikali ilipochunguza ilionekana kwamba uchokozi ulianzia kwa watu wa msafara wenyewe. Nalitaja hili kwa sababu sitaki tuwafanye watu wale kuwa malaika ndipo tuone wanastahili kukumbukwa. Walikuwa watu. Walijua kazi yao, walifanya mema na maovu, na waliokufa Kedong hata makaburi yao hatuyajui.

Linganisha na wale waliokuja kwa bahari. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kuijenga reli, na karibu 2,500 wakafia humu nchini. Nao pia wamesahauliwa, isipokuwa mmoja. Kila apitaye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anaujua msikiti ulio Mackinnon Road kando ya reli, na kaburi la Seyyid Baghali, mfanyakazi wa reli ambaye watu humsimulia karama zake. Wasafiri wa kila aina husimama pale, huswali, hutoa sadaka, huendelea na safari. Sijadili hapa habari za karama. Nasema tu kwamba kibarua mmoja wa reli amepata ziara, na jina lake latajwa kila siku, kwa sababu wenziwe waliokuwa naye kazini hawakukubali lipotee. Viongozi wetu wa misafara hawakupata wenzi wa namna hiyo.

Reli pia iliwamaliza. Gari la moshi lilipofika Kisumu, mzigo uliokwenda miezi ulikwenda siku chache, na mpagazi hakuhitajiwa tena. Wengine walirudi pwani. Wengi walibaki kule kule walikokuwa wakipiga kambi, wakaoa, wakajenga misikiti midogo ya udongo. Ukienda Mumias leo ukasikia adhana, ukawasikia wazee wakiongea Kiswahili chenye harufu ya bahari, jua kwamba hilo halikuletwa na reli. Liliingia kwa miguu kabla yake, na Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu kwa ajili ya watu hao. Nairobi nako kulikuwa na kijiji cha Pangani, kijiji cha Waislamu kilichovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Jina limebaki mpaka leo kwenye vibao vya matatu, na wengi wapandao matatu hizo hawaulizi mji gani wa pwani ulikuwa na jina hilo hilo, na nani aliyetoka huko.

Wakati wa kusema haya ni sasa, na nitaeleza kwa nini. Reli mpya ilipotoka Nairobi kwenda Naivasha mwaka 2019 haikuzunguka genge wala haikushushwa kwa kamba. Ilitoboa mlima pale Ngong, handaki la kilomita nne na nusu, ikatokea bondeni. Yaani palepale misafara ilipojaza mifuko ya nafaka, leo gari lapita chini kwa chini. Na kila mara huzuka tena mazungumzo ya kuivusha reli hii Mau mpaka Kisumu na Malaba. Siku itakapovushwa patakuwa na stesheni za kupewa majina na picha za kutundikwa ukutani. Mimi ningependa katika kuta hizo, pamoja na picha za wahandisi na za wakubwa waliokata utepe, pawe na ubao mmoja unaosema kwamba mwaka 1870 Sadi bin Ahedi wa karibu na Gazi aliitaja njia hii, na mwaka 1883 Jumbe Kimameta wa Pangani alimpitisha humo mgeni wake. Gharama yake ni mbao na rangi.

Ubao, hata hivyo, ni kazi ya serikali, na serikali ina mambo mengi. Iko kazi ambayo ni yetu. Katika nyumba za Gazi, Vanga, Msambweni, Mombasa na Takaungu, na ng'ambo ya mpaka Tanga na Pangani, bado yamo makasha. Ndani ya makasha hayo kuna karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu: deni la seng'enge, hati ya mshirika katika msafara, barua iliyotoka bara kuuliza bei ya pembe, orodha ya watu na mizigo yao. Baadhi ya wajukuu hawazisomi kwa sababu hawakufundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi hizo, kwa hiyo hudhani ni karatasi za dini, wakaziweka kwa heshima mpaka mchwa wakazila. Wengine huziuza kwa watalii. Nawaomba wenye makasha wayafungue, wamwite mwalimu wa chuo wa mtaani awasomee. Akikuta jina la mtu na jina la kituo, hata kama aliyetajwa alikuwa mtumwa wa nyumba hiyo hiyo na wenye nyumba wanaona haya, na liandikwe upya katika daftari pamoja na jina la babake kama lipo, na mwaka. Kisha nakala moja ipelekwe Fort Jesus, na moja ibaki nyumbani.